USIGUSE WAYA KABLA YA KUPIMA
Juu ya simu na barua pepe za wadanganyifu



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, vumbi la mawe, kofia na viatu vya kazi. Leo tutazungumza juu ya simu na kompyuta. Msishangae. Mambo haya nayo yanaleta wagonjwa katika dispensari, na mmoja wao nimempima kwa mikono yangu mwenyewe.

MGONJWA WA TANSIO

Alikuwa fundi wa umeme, mtu wa miaka mingi kazini. Kila mtu katika atelye anaijua desturi yake. Hagusi waya hata mmoja kabla ya kukata umeme, kufunga kufuli lake, kutia ufunguo mfukoni, na kupima kwa chombo kama umeme umekwisha kabisa. Vijana wanamcheka kwa sababu anapima mara mbili.

Siku hiyo kapita wake alimleta kwangu. Alikuwa amemkuta mbele ya kabati ya umeme, mlango wazi, mkono tayari kuingia, na kufuli lingali mfukoni. Umeme haukuwa umekatwa. Kapita alipiga kelele, na kelele hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Nilimpima: tansio 19 kwa 11. Nikamwuliza kama ameacha dawa. Hapana. Kama amekunywa pombe. Hapana. Kama analala usiku. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Docta, leo ni siku ya tisa sijalala.»

Ndipo akanieleza. Jumamosi moja, mshahara umekwisha kuingia katika simu yake, simu ililia.

— Halo, Papa. Mimi ni wa huduma ya wateja. Papa, kuna mtu anajaribu kuiba feza yako sasa hivi!
— Eh! Nifanye nini, mwanangu?
— Usikate simu. Tukichelewa dakika tano, zote zitakwenda. Nimekutumia mesaji yenye namba. Nisomee namba ile, nifunge konti.

Papa akasoma.

— Vizuri. Sasa nitajie namba yako ya siri, ili mashine ikubali.

Papa akaitaja.

— Asante, Papa. Zima simu kwa saa moja, sisi tunatengeneza.

Papa akazima. Alipowasha tena, konti ilikuwa tupu. Ilikuwa feza ya masomo ya watoto watatu. Hakumwambia bibi yake, wala kapita, wala rafiki. Aliona haya. Alisema moyoni: mimi ninayepima umeme mara mbili, nimedanganywa na sauti ya kijana nisiyemjua!

Basi, wasomaji wapenzi, angalieni vizuri. Mwizi alichukua feza siku moja. Lakini haya ndiyo iliyochukua usingizi wake siku tisa, na usingizi uliopotea ndio uliotaka kuchukua uhai wake mbele ya kabati.

NAMNA WANAVYOFANYA

Wadanganyifu wana nguo nyingi, lakini mwili ni ule ule. Kwanza wanavaa jina unaloliamini: kampuni ya simu, banki, ofisi ya kazi, hata jina la ndugu yako. Pili wanakutia hofu au tamaa. Tatu wanakuharakisha, ili usipate nafasi ya kufikiri wala ya kuuliza mtu. Tazama nguo zao.

Feza iliyokosa njia. Unapata mesaji: umepokea franka elfu kadhaa. Mara simu inalia, mama mmoja analia machozi: «Nimekosea namba, nirudishie, mtoto yuko hospitali.» Mesaji ile imeandikwa na yeye mwenyewe, kwa namba ya kawaida. Feza haikuingia. Ukituma, unatuma ya kwako. Kabla ya kuhurumia, angalia salio katika konti yako. Salio halikuongezeka? Basi hakuna kitu cha kurudisha. Na kama limeongezeka kweli, usirudishe wewe mwenyewe. Waache watu wa huduma waitengeneze.

Barua pepe ya sanduku lililojaa. Hii karibu inipate mimi. Asubuhi moja katika kompyuta ya dispensari niliona barua: sanduku lako la barua limejaa, litafungwa leo, bonyeza hapa na uandike neno lako la siri. Ilikuwa na alama nzuri na Kifaransa safi. Nilibonyeza. Nilikuwa nimekwisha kuandika nusu ya neno, umeme ukakatika! Siku ile nilishukuru giza. Umeme uliporudi nilikwenda kuuliza vijana wa informatike. Wakanijibu: «Sisi hatumwombi mtu neno lake la siri. Tukitaka kutengeneza sanduku, tunalitengeneza bila wewe.» Tangu siku ile ninauliza kwanza.

Kioo chekundu. Kijana wako anatazama filamu katika kompyuta. Ghafula kioo kinakuwa chekundu, sauti inapiga kelele: kompyuta yako ina virusi, piga namba hii ya Microsoft! Ukipiga, mtu mwenye adabu sana anajibu. Anakuomba utie programu kama AnyDesk au TeamViewer. Programu hizo zenyewe si mbaya, mafundi wa kweli wanazitumia kila siku. Lakini ukimfungulia mgeni, ni kama kumpa ufunguo wa nyumba: anaona yote, anagusa yote, kisha anakudai malipo ya matengenezo ya ugonjwa usiokuwapo. Microsoft yenyewe inasema wazi kwamba mesaji zake za kosa haziandiki namba ya simu ya kupiga. Ukiona namba katika kioo cha namna hiyo, ujue ni mtego. Funga ukurasa, au zima kompyuta kabisa.

Kazi ya mgodini. Hii ni kwa vijana wetu. Barua inasema umechaguliwa kwa kazi katika kampuni kubwa ya madini, tuma kwanza feza ya faili au ya kupimwa na munganga. Mimi ni mtu wa dispensari, ninawaambia: mtu anayekuomba kulipa katika simu yake kabla hajakuona, hana kazi ya kukupa.

Rafiki wa WhatsApp. Rafiki anakuandikia: «Nimetuma namba sita kwako kwa kukosea, nitumie.» Namba hizo sita ndizo ufunguo wa WhatsApp yako. Ukizitoa, mwizi anaingia kwa jina lako, na kesho ataomba feza kwa shangazi yako akijifanya wewe. Rafiki aliyekuandikia naye ameibiwa hivyo hivyo.

HATA WAKUBWA WANAANGUKA

Msifikiri kwamba wanaodanganywa ni watu wasiosoma. Mwezi wa pili 2016 wezi waliingia katika kompyuta za banki kuu ya Bangladesh, wakatoa dola milioni 81 zilizokwenda Ufilipino. Mwaka 2018 wapelelezi wa Marekani walieleza mlango walioupitia: barua pepe za mtu aliyejifanya anatafuta kazi, akiwaomba wafanyakazi wa banki wafungue karatasi zake.

Na kati ya 2013 na 2015, mtu wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alijifanya ni kampuni inayouza vyombo kwa Google na Facebook. Alituma barua pepe na fakitire za uongo. Makampuni hayo mawili, ambayo kazi yao ni intaneti, yalimlipa zaidi ya dola milioni 100. Alishikwa 2017, na mwisho wa 2019 alihukumiwa kifungo cha miaka mitano huko Marekani.

Basi kama wale walianguka, fundi wetu wa umeme ana haya ya nini? Kuanguka si ujinga. Ni kuguswa saa ile ambayo hukupima.

CHOMBO CHA KUPIMA

Kila fundi ana chombo chake cha kupimia. Hiki ndicho cha simu na barua pepe.

1. Kata. Mtu akikuharakisha, kata simu. Kama ni wa kweli, hatakasirika. Mwizi ndiye anayesema usikate.

2. Piga wewe mwenyewe. Tumia namba unayoijua, ile uliyopewa siku ulipofungua konti, wala si ile iliyo ndani ya mesaji. Usiamini jina linaloonekana katika simu, kwa maana wadanganyifu wana njia ya kuonyesha jina au namba isiyo yao. Kama huna namba, nenda katika ofisi yenyewe kwa miguu yako.

3. Namba ya siri ni kama mswaki. Haiazimwi. Wala ofisa, wala mchungaji, wala mtoto wako hapaswi kukuomba namba ya siri, wala namba iliyokuja kwa mesaji. Anayeiomba ni mwizi, hata akiwa na sauti tamu.

4. Soma anwani herufi kwa herufi. Katika barua pepe mtu anaweza kujiandikia jina lo lote. Angalia anwani iliyo nyuma ya jina. Herufi r na n zikikaa pamoja zinafanana na m, na sifuri inafanana na herufi O. Katika simu, weka kidole kwa muda juu ya kiungo bila kukifungua, utaona kinakopeleka.

5. Usitegemee makosa ya lugha. Zamani tuliwajua kwa Kifaransa kibovu. Leo kompyuta inawaandikia barua safi, na inaweza hata kuiga sauti ya mtu. Ndugu akiomba feza kwa sauti isiyo ya kawaida, mpigie kwa namba yake ya zamani, au mwulize jambo la nyumbani ambalo mgeni hawezi kulijua.

6. Uliza mtu wa pili. Fundi hafanyi kazi ya hatari peke yake. Bibi, mtoto wa shule, jirani: mtu asiye na hofu anaona mtego upesi kuliko wewe uliyeshikwa na hofu.

IKIWA UMEKWISHA KUGUSA

Umetoa namba? Umebonyeza? Usilie kwanza. Fanya haya, tena upesi, kwa sababu mwizi naye anakimbia.

Ita huduma ya kweli ya konti yako, uombe waifunge. Kila dakika ina thamani, kwa maana feza ikikwisha kutolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Kama ni kompyuta, katisha intaneti, kisha badili maneno ya siri kwa kutumia chombo kingine. Kama ni kompyuta ya kazi, waambie watu wa informatike na kapita saa ile ile. Ukificha, mwizi anatoka katika kompyuta yako na kuingia katika ya wenzako, kama moto unaoruka kutoka nyumba hadi nyumba. Usifute mesaji wala namba, ni ushuhuda. Peleka polisi. Tangu tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, inchi yetu ina sheria kubwa ya mambo ya kidijitali, nayo inagusa pia makosa yanayofanywa kwa njia ya kompyuta na simu.

Jihadhari na mwizi wa pili. Siku chache baadaye mtu atakuita: «Ninaweza kurudisha feza yako, nilipe kidogo.» Huyo ni ndugu wa yule wa kwanza. Wanauziana majina ya watu waliokwisha kudanganywa.

Na kisha, njoo dispensari. Ndiyo, kwetu! Kama hulali, kama moyo unapiga mbio, kama kichwa kinauma kila siku, kama umeanza kutafuta pombe ili usahau, hayo ni mambo ya afya. Mwambie kapita wako pia, asikupeleke mbele ya mashine siku ambayo mawazo yako hayapo. Nanyi mama, mkimwona bwana amenyamaza siku nyingi, msianze kwa ugomvi. Mwulizeni kwa upole. Na akisema hana tena sababu ya kuishi, msingoje kesho: mleteni siku ile ile.

FUNDI WETU YUKO WAPI?

Feza yake haikurudi. Siwezi kuwaambia uongo. Lakini jioni ile ile alimwambia bibi yake. Mama yule, aliponijia kuchukua dawa za bwana wake, alisema: «Docta, mimi nilifikiri ana mwanamke mwingine. Kumbe ni simu tu!» Wakacheka pamoja, kicheko cha kwanza nyumbani kwa siku kumi. Waliongea na mkubwa wa shule, wakapewa kulipa kidogo kidogo. Wiki ya tatu tansio ilikuwa 14 kwa 9, na amerudi kazini na kufuli lake.

Yeye ndiye aliyeniomba niandike haya, bila jina lake. Alisema: «Waambie vijana. Sauti ya mtu kwenye simu ni waya. Unapima kwanza.»

Kateni ukurasa huu, mbandike karibu na mahali mnapochaji simu.

KATA – PIMA – ULIZA. USALAMA KWANZA, KAZINI NA NYUMBANI!