Mpasuko Wenye Jina la Stesheni

Aliyewahi kupanda treni ya Reli ya Kati kuelekea Tabora anaukumbuka mlima wa Saranda. Baada ya Bahi, ambako nchi imelala kama mkeka, injini huanza kuguna na mbuga inabaki chini nyuma yako. Abiria wengi hudhani ni kilima tu. Kumbe ni ukingo wa Bonde la Ufa: upande mmoja wa nchi ulishuka, mwingine ukabaki juu, na pale zilipoachana wanajiolojia wanapaita mpasuko wa Saranda, kwa jina la stesheni ya hapo.

Hauko peke yake. Upo wa Bubu, wenye jina la mto unaoishia mbuga ya Bahi. Ipo ya Hombolo, Makanda na Mponde. Mwaka 2008 Athanas Macheyeki na wenzake walichapisha tathmini ya mipasuko hai ya Dodoma, wakiigawa vipande vipande. Huko kuigawa ndiko kiini cha kazi. Mpasuko mrefu kwa kawaida haukatiki wote kwa siku moja. Hukatika kipande kimoja, na urefu wa kipande hicho ndio unaokadiria ukubwa wa tetemeko. Kipande cha kilomita 20 kinaweza kutoa tetemeko la karibu 6.5. Lile la Novemba 4, 2002, lililotikisa Dodoma mpaka jengo la Bunge, lilikuwa la takriban 5.5.

Mpasuko hutafutwaje? Kwanza kwa kutazama kutoka juu. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilipima miinuko ya sehemu kubwa ya dunia, na katika vipimo hivyo ukingo ulionyooka kupita kiasi hujitokeza, au mito inayopinda yote kwenye mstari mmoja. Kisha ni miguu na sururu. Huchimbwa handaki kukatisha ukingo, tabaka za udongo zilizokatika zikasomwa, na kipande cha mkaa kilichofukiwa humo kikatoa umri wa mtikisiko. Mkaa huo unakumbuka mbali kuliko bibi yeyote, maana mpasuko unaweza kunyamaza maelfu ya miaka.

Orodha ya dunia ya mipasuko hai, iliyotolewa mwaka 2020 na taasisi ya GEM ya Italia, ina mipasuko 13,500 hivi, na yeyote anaweza kuifungua bure. Ni hazina. Lakini fikiria fundi wa Haneti, kaskazini mwa jiji la Dodoma, upande wa vilima vya Chenene. Babu zake walijenga tembe. Yeye anapandisha tofali za kuchoma, mara nyingi bila mkanda wa zege, kwa sababu nondo ni ghali. Kuta za namna hiyo ziliua watu Kagera, Septemba 2016, kwa tetemeko la 5.9. Huko California sheria ya mwaka 1972 inazuia majengo mengi ya kutumiwa na watu yasijengwe juu ya mpasuko hai. Fundi wetu hata hajaambiwa mpasuko uko wapi.

Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ina makao yake papa hapa Dodoma. Natamani ramani yake ya mipasuko ibandikwe kwenye ofisi ya kata ya Haneti, kando ya tangazo la chanjo na la pembejeo, kwa Kiswahili, na kwa skeli inayotosha kuonyesha shamba la mtu.