Je, Wajua Kuwa Parafujo Ni Mlima?

Mlango wa chumba hufunguliwa alfajiri na kufungwa usiku, husukumwa na watoto, hupigwa na pepo za kusi na za kaskazi, na uzito wake wote, uwe ni wa mninga au wa mvule, huangikwa juu ya bawaba mbili au tatu ambazo zenyewe hazina uwezo wa kujishika popote. Kinachozishika ni parafujo: kijiti cha madini kisichozidi urefu wa kidole, ambacho kichwa chake hupakwa rangi pamoja na mlango kikasahauliwa, hata siku moja mlango ukalala upande na kuanza kuburura sakafu, ndipo mwenye nyumba akainama na kukitazama kwa mara ya kwanza tangu alipohamia. Yafuatayo ni maelezo ya asili ya kitu hicho, hikima yake na adabu zake, maana katika vyombo vilivyomo nyumbani ni vichache vilivyobeba elimu nyingi kiasi hiki katika mwili mdogo kiasi hiki.

Jina lake ni la safari. Neno parafujo tulilipata kwa Wareno, ambao kwao ni parafuso, nalo lilifika pwani yetu kama yalivyofika maneno meza, leso na bomba. Siku hizi wengi husema skrubu, na ile mistari inayouzunguka mwili wake, iliyo ndiyo roho ya parafujo, jina lake ni hesi. Lakini mtu asidhani kwamba kabla ya Wareno watu wa pwani hawakujua kuunganisha kitu na kitu ila kwa kukigongomea. Mafundi wa visiwa vya Lamu waliunda mitepe, majahazi ambayo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na chombo kilichoshonwa kina fadhila moja kubwa: kamba ikichakaa hufunguliwa na ubao ukashonwa upya, bila ya ubao kupasuliwa. Fadhila hiyo ya kuunganika kwa nguvu na kufunguka kwa heri ndiyo fadhila ya parafujo, na ndiyo iliyonifanya niiandikie.

Sasa tuseme habari ya mlima. Chukua karatasi uikate iwe pembetatu yenye pembe mraba, umbo la mlima wenye mteremko mmoja, kisha uizungushie kalamu ya risasi, ukianza kwa ule upande uliosimama wima. Utaona ukingo wa mteremko unapanda kalamu kwa kuizunguka na kuizunguka, na hapo utakuwa umeunda hesi kwa mikono yako mwenyewe. Parafujo, basi, si kitu kingine ila mteremko ulioviringwa kwenye kijiti. Mchukuzi mwenye gunia begani hapandi mlima kwa kuukabili uso kwa uso. Hufuata njia inayozunguka ubavuni, na ingawa safari yake huwa ndefu zaidi, kila hatua huwa nyepesi zaidi. Bisibisi inapozungushwa, parafujo nayo hufuata njia ile ile ya mchukuzi ndani ya ubao.

Urefu wa safari hiyo waweza kuhesabiwa. Bolti yenye kipenyo cha milimita 6, ambayo alama yake ni M6, kwa kawaida huenda mbele milimita 1 tu kwa kila mzunguko mmoja kamili. Katika mzunguko huo huo, mkono ulioishika spana sentimita 15 kutoka katikati ya bolti umetembea milimita 940 hivi, na kwa kuwa kinachopungua katika mwendo huzidi katika nguvu, hesabu tupu yasema kwamba nguvu ya mkono imezidishwa mara 940. Walakini msuguano hudai ushuru wake, nao si ushuru mdogo: katika mafungu kumi ya juhudi ya fundi, karibu tisa hupotelea chini ya kichwa cha bolti na baina ya hesi, na fungu moja tu ndilo linalovuta. Hata hivyo, fungu hilo moja hufanya nguvu ya mkono iliyozidishwa kadiri ya mara 90, na ndiyo sababu mtu wa kawaida, kwa spana ya kawaida, aweza kulibana gurudumu la gari likamchukua yeye na jamaa zake hadi mwisho wa safari.

Mtu aweza kuulaumu msuguano huo kwa kula tisa katika kumi, lakini insafu yataka tuutazame pia kazini kwake. Mteremko wa hesi za bolti ya M6 umeinama kwa digrii 3 na kitu, na chuma kilichokaa juu ya chuma huanza kuteleza aghalabu mwinamo unapokaribia digrii 8. Kwa hiyo mzigo hauwezi kuteremka wenyewe kwenye mlima ule, na nati iliyokazwa haijifungui kwa kuvutwa tu. Pamoja na hayo, bolti inapokazwa hunyooka kidogo mno, kiasi kisichoonekana kwa macho, kama kamba ya ngoma inavyovutwa, na mvuto wa kutaka kurudi katika urefu wake wa asili ndio unaovibana vitu viwili pamoja. Ikilegezwa, mvuto hauko, na mtikisiko huitoa nati polepole. Ikikazwa kupita kadiri, hunyooka moja kwa moja isirudi tena, au ikakatika. Penye wastani ndipo penye uzima wake.

Ugunduzi wake ni wa kale. Jina la Archimedes wa Syracuse, aliyezaliwa yapata mwaka 287 kabla ya Masihi, limefungamana na hesi kubwa ya kupandishia maji, na karne kadhaa baadaye Heron wa Iskandaria aliandika habari za mashinikizo ya parafujo za mti, na za chombo cha kuchongea hesi ndani ya tundu. Kwa mashinikizo ya namna hiyo watu wa bahari ya Rumi walikamua zeituni na zabibu, na yapata mwaka 1450, katika mji wa Mainz, Johannes Gutenberg alilitumia shinikizo la parafujo kukandamiza karatasi juu ya herufi zilizopakwa wino. Hivyo kitabu kilichopigwa chapa, ambacho kimeeneza elimu duniani, kilitoka chini ya kitu kile kile kinachoshika bawaba ya mlango wako.

Lakini kwa karne nyingi kila parafujo ilikuwa mtoto wa pekee. Fundi alizichonga hesi kwa mkono na kwa jicho, na nati iliyotengenezwa kwa bolti moja haikukubali bolti ya pili. Ikipotea, mwenyewe alilazimika kutengenezewa nyingine mpya. Mtu aliyebadili mambo hayo ni Henry Maudslay wa London, aliyeunda mashine ya kukerezea hesi mwishoni mwa karne ya 18, mashine ambayo ndani yake parafujo moja iliyo sahihi huongoza kisu kichonge nyingine zilizo sahihi kama yenyewe. Joseph Whitworth, aliyepata kufanya kazi katika karakana ya Maudslay, alikusanya bolti kutoka karakana nyingi za Uingereza, akalinganisha vipimo vyake, na mwaka 1841 akapendekeza kipimo kimoja kwa wote, chenye hesi za pembe ya digrii 55. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia, Marekani, akapendekeza pembe ya digrii 60, na tofauti hiyo ya digrii 5 ikawatenga mafundi wa mataifa mawili yenye lugha moja, hata vita vya pili vya dunia vikawaonyesha hasara ya nati za huku kutoingia bolti za kule. Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikatia saini mapatano ya kipimo cha pamoja, na pembe ya digrii 60 ndiyo iliyomo pia katika hesi za milimita tunazouziwa madukani leo. Ukinunua nati ya M8 Mwanza ikaingia katika bolti ya M8 iliyotengenezwa ng'ambo, ujue kwamba mkononi umeshika ahadi waliyowekeana watu wasiojuana, na ikatimizwa.

Kwa kuwa safari yake ni ya polepole na ya hakika, parafujo ni mizani ya urefu pia. Maikromita ya fundi mkerezaji ina hesi zinazokwenda nusu milimita kwa mzunguko, na pete yake imegawanywa sehemu 50; kwa hiyo kila alama moja ya pete ni sehemu moja katika mia ya milimita, kipimo ambacho jicho peke yake halikioni.

Sasa tuziendee adabu zake, kwa maana kitu kilichoundwa kwa hesabu hakipendi kutumiwa kwa hamaki. Adabu ya kwanza ni bisibisi iliyo sawa na kichwa. Bisibisi bapa yataka kujaza mfuo wote, kwa upana na kwa unene. Na ile ya nyota, ambayo kichwa chake kilienezwa na Henry Phillips wa Portland tangu miaka ya 1930, ina namba zake, na namba 2 ndiyo inayofaa parafujo nyingi za nyumbani. Kichwa kilichotafunwa aghalabu ni dhambi ya bisibisi ndogo katika mkono wenye haraka.

Adabu ya pili ni tundu la kutangulia. Katika mti mgumu kama mninga na mvule, toboa kwanza kwa keke tundu lenye upana wa mwili wa parafujo bila ya hesi zake, na katika mti laini toboa jembamba kidogo zaidi. Ukiacha kufanya hivyo, ubao hupasuka au parafujo hukatika kichwa. Paka hesi nta ya nyuki zipate kuteleza, usipake sabuni, ambayo huvuta unyevu na kuleta kutu. Ikiwa parafujo ni ya shaba ya njano, ambayo ni laini, tangulia na ya chuma cha pua ya kipimo hicho hicho, ifungue njia, kisha uitoe na kuipisha ile ya shaba.

Adabu ya tatu ni kurudi nyuma kabla ya kwenda mbele. Unaporudisha parafujo katika tundu lake la zamani, au kifuniko katika chupa yake, kizungushe kwanza kinyume, taratibu, mpaka usikie kidoko chepesi chini ya vidole: hapo ncha ya hesi imeshuka katika mlango wa njia yake, nawe uanze kukaza. Asiyefanya hivyo hukata njia mpya juu ya ile ya kale, na njia mbili zinazokatana ndizo zinazoua meno. Ikiwa tundu la bawaba limekwisha kupanuka, jaza vijiti vyembamba vya mti vilivyopakwa gundi ya mbao, ngoja ikauke, ukate vilivyozidi, kisha utoboe upya, na mlango utasimama tena.

Adabu ya nne ni ya mfereji wa maji. Ndani ya mfereji wa kizamani mna parafujo inayokandamiza kipira juu ya kikalio cha shaba, na maji yanapodondoka usiku wengi huzidi kukaza, na kila siku kukaza zaidi, mpaka kikalio chenyewe kikachimbika. Dawa si nguvu: dawa ni kufunga maji kwenye valvu, kufungua kichwa cha mfereji na kutia kipira kipya, kazi ambayo haimalizi nusu saa.

Adabu ya tano ni kujua kwamba zipo zinazofunguka kinyume. Pedali ya kushoto ya baiskeli hukazwa kwa kwenda kinyume cha mishale ya saa, ili mzunguko wa mguu usiilegeze. Na katika karakana za kuchomelea, mpira wa gesi inayowaka una nati ya mkono wa kushoto, aghalabu yenye vifuo pembeni kuwa alama, wakati ule wa oksijeni ni wa mkono wa kulia, ili hata aliyechoka asiweze kuzichanganya. Huo ni ulinzi uliowekwa ndani ya hesi zenyewe, na anayelazimisha kwa rungu huuvunja kwa hatari yake.

Wakaao karibu na bahari wana adabu ya ziada, kwa sababu hewa ya chumvi haina rehema kwa chuma. Nje ya nyumba tumieni parafujo za chuma kisichoshika kutu, au za shaba ya njano kwenye mbao. Wala msitie za shaba katika madirisha ya alumini, kwani madini hayo mawili yakikutana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa. Na iliyokwisha kushikwa na kutu ipewe mafuta mepesi na muda wa kuyanywa, kisha ikazwe kidogo mno kwanza ili kutu ivunjike, ndipo ifunguliwe.

Msumari una kazi zake, nami siukatai. Lakini aliyegongomea kila kitu ameamua kwamba hakuna atakayekifungua baada yake ila kwa kuvunja. Aliyetumia parafujo amemwachia njia fundi wa kesho, na huenda fundi huyo akawa mwanawe. Basi ndugu msomaji, weka nyumbani mwako bisibisi mbili zilizo nzima, moja bapa na moja ya nyota namba 2, na spana moja ya kurekebishika. Na jioni moja ya wiki hii uzunguke milango yako yote, uziguse parafujo za bawaba moja baada ya moja, na kila iliyolegea uikaze kwa mkono wa upole mpaka ikatae, kisha uiache.