Ua la Mbololo Lisilopatikana Kwingine

Mkulima wa Taita, wajua kwamba katika kaunti yako limo ua ambalo halioti porini mahali pengine popote duniani? Ua hilo huota katika msitu wa kilima cha Mbololo, juu ya nyika ya Voi. Wataalamu wa mimea waliliita Saintpaulia ya Taita. Nao wamelihesabu pamoja na mimea iliyo katika hatari kubwa mno ya kutoweka.

Ni mmea mdogo. Majani yake yana vinyweleo, na maua yake ni ya rangi ya zambarau, yenye sehemu tano: mbili ndogo juu na tatu kubwa chini. Katikati ya ua mna vifuko viwili vya manjano. Huota juu ya mawe yenye unyevu, chini ya kivuli cha miti mikubwa.

Jamaa yake mmoja ana sifa ulimwenguni kote. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mtawala katika sehemu za Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipata maua ya namna hii upande wa Usambara, akapeleka mbegu kwao. Mwaka 1893 yakapewa jina lake. Leo yanauzwa katika vyungu Ulaya na Marekani, na watu wengi wanaoyaweka madirishani hawajui kwamba asili yake ni vilima vyetu vya Afrika Mashariki. Lile la Mbololo lilipewa jina lake la kitaalamu mwaka 1958.

Kwa nini linahitaji msitu?

Upepo kutoka Bahari ya Hindi ukifika vilimani hupanda juu, hupoa, na kugeuka ukungu. Majani ya miti huunasa ukungu huo, na matone hudondoka chini. Ndiyo sababu mawe ya Mbololo huwa na unyevu hata siku ambazo Voi kuna vumbi. Mti ukikatwa, jua hupiga mawe, unyevu hukauka, na miche midogo hufa kwanza.

Basi usifikiri kwamba habari hii ni ya ua peke yake. Matone yanayolilisha ndiyo yanayoingia ardhini na kutokea tena katika chemchemi wakati wa kiangazi. Mahali ua hili linapokauka, jua kwamba maji ya mifereji yako nayo yako hatarini.

Liko jambo lingine. Chavua ya ua hili imefungwa ndani ya vile vifuko viwili. Ili itoke, nyuki hulishika ua na kutetemesha mwili wake kwa mvumo mkubwa. Nyuki wa asali hawezi kazi hiyo. Yaiweza nyuki wengine wa porini. Nyuki wa namna hiyo huzisaidia pia nyanya na biringanya zako kuzaa vizuri.

Mambo ya kufanya

1. Usikate mti wala usichome moto msituni au kandokando yake. Ukiona moto, waite majirani na kutoa habari kwa Shirika la Huduma za Misitu.

2. Panda kuni zako mwenyewe. Grevilia hustawi mipakani mwa shamba. Mikaratusi iwe mbali na chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi.

3. Usipulize dawa ya wadudu wakati mimea imechanua na nyuki wako kazini.

4. Usiling'oe ua la msituni, wala usimwonyeshe mgeni asiye na kibali mahali linapoota. Kuchukua mmea katika msitu wa serikali bila ruhusa ni kosa la sheria.

5. Ukitaka ua la namna hii nyumbani, nunua kwa wauza miche. Kata jani moja pamoja na kikonyo chake, choma kikonyo katika udongo mwepesi wenye unyevu, uliweke kivulini. Baada ya miezi miwili au mitatu huchipua miche midogo chini yake.

6. Ua la kununua usilipande msituni kamwe. Maua haya huzaana yenyewe kwa yenyewe upesi, na uzao wa Mbololo utachanganyika na kupotea.

Huko vilimani Taita misitu ya asili imebaki vipande vidogo tu, kama Mbololo, Ngangao na Chawia, vikizungukwa na mashamba. Ua hili likitoweka Mbololo, hakuna kilima kingine cha kwenda kulitafuta. Ulinzi wake uko mikononi mwa wale wanaolima karibu nalo.