Dakika 200 za kugombaniwa: kwa nini kipaji pekee hakitoshi katika vyuo vya Marekani

Vijana warefu kutoka Sudan Kusini, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamekuwa wakivuka bahari kwenda kucheza mpira wa kikapu katika vyuo vikuu vya Marekani. Nyumbani, siku ya kupata ufadhili wa masomo huwa ya shangwe. Ushindani wenyewe, hata hivyo, huanza baada ya siku hiyo, na kinachogombaniwa ni kitu kimoja: muda wa kuwa uwanjani.

Hesabu isiyobadilika

Mchezo wa wanaume vyuoni una vipindi viwili vya dakika 20. Kwa kuwa kila timu huwa na wachezaji watano uwanjani, kocha ana dakika 200 tu za kugawa. Haziongezeki ila timu zikitoka sare na kulazimika kucheza muda wa ziada. Mmoja akiongezewa dakika tano, mwenzake amepunguziwa tano.

Kikosi kinaweza kuwa na wachezaji 15, lakini mechi zinapokuwa ngumu makocha wengi hutegemea wanane au tisa. Waliosalia hufanya mazoezi yale yale, husafiri safari zile zile, kisha humaliza usiku jezi zao zikiwa kavu. Ndiyo maana mpinzani wa kwanza wa mchezaji ni mwenzake anayecheza nafasi ile ile.

Kimo huvutia macho, lakini kocha hutazama mengine pia: je, kijana anajua mahali pa kusimama timu inapojilinda? Je, anaweza kuruka bila kumgonga mpinzani? Mchezaji akifikisha faulo tano hutolewa mchezoni, na mara nyingi kocha humrudisha benchi mapema akishapata mbili au tatu. Kwa aliyeanza kuujua mchezo akiwa na miaka 13 au zaidi, mambo haya huchukua muda kuyamudu.

Maluach: hata anayeanza hugawana

Mfano wa karibuni ni Khaman Maluach, mzaliwa wa Rumbek, Sudan Kusini, aliyekulia Kampala. Aliwahi kuichezea City Oilers ya Uganda katika Ligi ya Afrika ya Mpira wa Kikapu, na mwaka 2024, akiwa na miaka 17, aliiwakilisha nchi yake katika Michezo ya Olimpiki ya Paris.

Msimu wa 2024/25 alijiunga na Chuo Kikuu cha Duke. Alianza mechi zote 39, na timu ikafika nusu fainali ya taifa. Hata hivyo, wastani wake ulikuwa dakika 21 kwa mechi, zaidi kidogo ya nusu ya mchezo. Zilizobaki katika nafasi yake ziligawanywa kwa wenzake, akiwemo Patrick Ngongba, naye pia wa mwaka wa kwanza. Juni 2025 Maluach alichaguliwa wa 10 katika usajili wa NBA. Ngongba alibaki Duke na msimu uliofuata akaingia katika kikosi cha kwanza.

Mutombo na zama za kungoja

Zamani subira haikuwa na mbadala mwingi. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, aliwasili Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akitaka kusomea udaktari. Mwaka wa kwanza hakucheza. Msimu uliofuata alijikuta nyuma ya Alonzo Mourning, kijana aliyekuwa amewasili punde tu, na akapata dakika chache. Hakuondoka. Katika msimu wake wa mwisho alikuwa na wastani wa zaidi ya pointi 15 na ribaundi 12 kwa mechi, na mwaka 1991 akachaguliwa wa nne katika usajili wa NBA.

Mlango uliofunguliwa

Wakati ule, mchezaji aliyehama chuo kwa kawaida alilazimika kukaa msimu mzima bila kucheza. Mwaka 2021 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kiliruhusu wachezaji kuhama mara moja bila adhabu hiyo. Mwaka 2024 kikomo cha mara moja nacho kikaondolewa, ilimradi mwanafunzi awe anafaulu masomo.

Uhuru huu umewaokoa waliosahauliwa benchi, lakini mlango huo hupitwa kutoka pande zote mbili. Kocha ambaye zamani angemlea kijana kwa miaka miwili sasa anaweza kumleta mchezaji mwenye miaka 22 aliyekwisha kukomaa kwingineko. Anayehama naye huanza upya kumjua kocha na mfumo wake, na huenda masomo aliyoyafaulu yasihesabiwe yote katika chuo kipya.

Kwa hiyo familia inayopokea barua ya ufadhili ina maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini. Ni nani wengine wanaocheza nafasi hiyo, na wamebakiza miaka mingapi? Katika misimu iliyopita, kocha amewapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza dakika ngapi? Na kijana asipopata hata moja, atabaki na shahada gani? Jina kubwa la chuo halijibu hata moja kati ya maswali hayo.