Sindano ya Pili

Katika nyumba zetu za Pwani sindano ya kwanza haina taabu. Mtoto akizaliwa, mama hurudi na kitabu cha kliniki, na nyanya zake wawili huzihifadhi tarehe zake kama wanavyohifadhi miandamo ya mwezi. Wiki ya 6, ya 10, ya 14: mtoto huogeshwa, hutiwa wanja, hufunikwa kanga mpya na kupelekwa. Ikifika miezi 9 hudungwa ya surua, na hapo watu huona kazi imekwisha. Kwenye miezi 18 mtoto atembea, avunja vikombe, ajua kuitikia salamu. Nani tena amkumbuka nesi?

Sisi tu miongoni mwa waliosahau, na ni uungwana tuanze na letu kabla ya kusimulia ya wenzetu.

Mkaza mwana wetu alimpeleka mwanawe wa kwanza alipotimiza miezi 18, akarudishwa. Kichupa cha chanjo ya surua huwa cha watoto 10, na kikishafunguliwa hakitumiki baada ya saa 6. Asubuhi hiyo watoto walikuwa wawili tu. Nesi hakutaka kumwaga dozi 8, akamwambia arudi siku ya watoto wengi. Njiani alitupitia barazani, akasimama kando kwa adabu, akauliza: "Baba, nimrudishe Alhamisi?" Tulikuwa na wageni. Tukamjibu kuwa mtoto mzima, surua ameshachanjwa, ya nini kumtembeza na jua hili. Maneno yenyewe hayakufika muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Wala hakutaka fatwa, maskini. Alitaka idhini tu, nasi tukamnyima kwa jambo tusilokuwa na elimu nalo.

Mtoto alipokaribia miaka 3, surua iliingia mtaani. Homa, macho mekundu, kikohozi kikavu, kisha vipele vikaanza nyuma ya masikio, vikashuka usoni na mwili mzima. Alilazwa, akapewa vitamini A, akapona, alhamdulillahi. Lakini sikio lake la kushoto lilitoka usaha kwa majuma mengi, na kusikia kwake upande huo hakukurudi kama kulivyokuwa. Sasa yuko madrasani anasoma alifu. Huketi mstari wa mbele na kugeuza shingo ili sikio la kulia limwelekee maalimu. Wageni hudhani ana kiburi.

Tulimuuliza daktari: si alichanjwa? Akatufahamisha jambo ambalo yafaa kila mama alijue. Katika watoto 100 wanaochanjwa surua wakiwa na miezi 9, kiasi cha 85 hupata kinga. Hao 15 waliobaki hawaipati, na sababu mojawapo ni ile kinga waliyotoka nayo tumboni mwa mama, ambayo bado imo damuni na huizuia chanjo isishike. Hakuna ajuaye kwa kumtazama mtoto kama ni wa 85 au wa 15. Kwa hiyo sindano ya miezi 18 si sukari ya kuongeza kwenye chai iliyokwisha kolea. Kwa hao 15, ndiyo ya kwanza yao hasa.

Marudio mengine yana sababu nyingine. Kinga ya pepopunda hupungua kwa kadiri miaka inavyopita, ndiyo maana mama mjamzito huulizwa kadi yake ya zamani: alidungwa mara ngapi, na lini. Mwanamke aliyepata sindano 5 zilizopangiliwa kwa nafasi zake hulindwa miaka yote ya uzazi wake, na watoto wake huzaliwa na ulinzi huo. Shida ni kwamba kadi hizo hupotea kila tunapohama nyumba. Hati ya nyumba twaitia sandukuni. Kadi ya sindano yafungiwa bizari.

Na hapa tuna neno dogo kwa mahujaji. Mwaka 1987 homa ya uti wa mgongo ilizuka miongoni mwa waliohiji, na 2000 na 2001 ikarejea kwa vijidudu vya aina nyingine. Tangu 2002 serikali ya Saudia inataka kila haji awe amechanjwa dhidi ya aina 4 za vijidudu hivyo, si chini ya siku 10 kabla ya kuwasili. Cheti chake hudumu miaka 3 au 5 kwa kutegemea aina ya chanjo. Tumewasindikiza mahujaji mara nyingi, na hatujapata kumsikia hata mmoja akiuliza sindano ile ina nini ndani. Bibi mmoja wa mtaani kwetu, anayekwenda umra kwa mara ya pili, alinung'unika tu kuwa alishadungwa zamani. Alipoambiwa cheti kimepitwa na muda, alikunja mkono wa buibui pale pale. Bibi huyo huyo alikuwa amewazuia wajukuu zake wasichanjwe, akisema hawajui walichotiwa. Tulimkumbusha kwa upole. Akacheka, akasema, "Ile ni ya safari, Sheikh."

Dada yetu mkubwa, aliyekwisha kupita miaka 60, alipata zamu yake ya chanjo ya korona siku za mwanzo za Ramadhani ya 2021. Dozi za kwanza za AstraZeneca zilikuwa zimeingia Kenya mwezi wa Machi, na wenye miaka 58 na zaidi walikwisha kufunguliwa mlango. Swali lake halikuwa la dawa bali la saumu. Tukamwambia haifunguzi, kwa kuwa si chakula wala kinywaji na hupita katika nyama ya mkono; na Mufti Mkuu wa Saudia wakati huo alikuwa ametoa jibu hilo hilo mwezi wa Machi. Akadungwa akiwa amefunga. Usiku homa ikampanda, daku akaamka anatetemeka, na bado alitaka kutia nia. Tulibishana naye hadi karibu na adhana kwamba mgonjwa ana ruhusa na siku yake atailipa. Alikula siku hiyo huku analia. Akailipa mwezi wa Shawwal.

Ya pili ilikuwa iwe baada ya wiki 8, ikasogezwa hadi 12, kwa kuwa India ilikuwa imezidiwa na wagonjwa wake na chanjo zikaacha kutoka huko. Alipoipata alijitayarishia shuka na ndimu kwa ajili ya homa, isije. Mkono tu ndio uliomuuma. Ya tatu, ya nyongeza, aliikataa. "Ndugu yangu, mkono huu umechoka," alisema, nasi hatukumshinikiza.

Kuogopa sindano si aibu. Huko Marka, katika pwani ya Banadir, si mbali na Barawa walikotoka wengi wa jamaa zetu, alikuwako mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin. Oktoba 1977 aliwaonyesha njia watoto wawili wagonjwa wa ndui waliokuwa garini, mwendo wa dakika chache tu, naye akaambukizwa. Chanjo alikuwa ameikwepa kwa kuogopa maumivu, ingawa ilikuwa jirani na jiko lake. Watu zaidi ya 50,000 wakachanjwa kwa haraka ili maradhi yasienee. Alipona, na ndiye mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. 1980 ikatangazwa kuwa imetoweka. Baadaye alijiunga na kampeni ya polio, akiwasimulia wazazi waliosita kisa chake mwenyewe. Alifariki 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo.

Mwezi uliopita dada yake mjukuu wetu alitimiza miezi 18. Safari hii hatukungoja kuulizwa. Usiku wa kuamkia siku ya kliniki, baada ya Isha, tulipita mlango kwa mlango tukiuliza nani ana mtoto aliyefika umri huo bila ya sindano ya pili. Mama mmoja alidhani tumekuja na mchango wa msikiti, akatuletea shilingi 100. Asubuhi tulifika na watoto 7. Nesi akawahesabu, akatazama kanzu yetu, akauliza kama madrasa imehamia kliniki. Kisha akafungua kichupa.