Si Kila Udhaifu wa Mzee ni Uzee

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Haikusema kwamba kuvimba miguu au kukosa hamu ya chakula ni sehemu ya hesabu hiyo. Hata hivyo, mara nyingi familia huridhika na jibu la "ni uzee tu", hununua dawa ya maumivu katika duka la dawa muhimu, na ugonjwa wenyewe hubaki bila kupimwa.

Ni kweli kwamba mwili hubadilika. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi macho huhitaji miwani ya kusomea. Baadaye usikivu hupungua, usingizi huwa mwepesi, na baridi ya Lushoto ya mwezi Julai huuma kuliko zamani. Mabadiliko hayo huja polepole, kwa miaka. Jambo lililoanza wiki hii au mwezi huu lisihesabiwe kuwa la uzee.

Kwa wakazi wa Usambara, mlima wenyewe ni kipimo kizuri. Bibi aliyezoea kupanda kutoka sokoni Soni hadi nyumbani akipumzika mara moja, na ambaye miezi mitatu baadaye hupumzika mara tano, hakuzeeka kwa miezi mitatu. Achunguzwe moyo, mapafu, figo na wingi wa damu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu, hata kama amepikia kuni maisha yake yote na amezoea kuulaumu moshi.

Kusahau mahali funguo zilipowekwa si jambo la kutisha. Kupotea katika njia ya shamba aliyoipita tangu ujana ni jambo jingine. Mzee anayechanganyikiwa ghafla apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata akiwa hana homa, kwa kuwa maambukizi ya mapafu au ya njia ya mkojo kwa wazee huweza kuja bila joto kupanda. Mdomo ukipinda au mkono mmoja ukilegea, kisingojewe kitu: huenda ni kiharusi.

Dawa nazo huweza kuuiga uzee. Diklofenaki ikitumiwa kila siku huweza kupandisha shinikizo la damu, kudhuru figo na kusababisha vidonda vya tumbo vinavyovuja damu. Mzee hudhoofika, kisha huongezewa vidonge vilevile. Kwa hiyo, mwendapo zahanati au Hospitali ya Wilaya ya Lushoto, bebeni dawa zote anazotumia, za dukani na za miti shamba, na mweleze kila badiliko lilianza lini.