Viwanja vya Watu Wote Katika Mji Uliojaa

Wasikilizaji wetu, na ninyi msomao maneno haya shuleni au majumbani, leo twataka kuwaeleza habari za mahali pa kupumzikia katika mji mkubwa: bustani, viwanja vya michezo na misitu ambayo si mali ya mtu mmoja, bali ni ya watu wote. Labda mtu wa shamba atacheka na kusema, "Mimi nina uwanda mzima mbele ya nyumba yangu, bustani za mjini zanihusu nini?" Twamwomba asikilize mpaka mwisho, kwa maana hakuna mji uliozaliwa mkubwa, na mambo yaliyoupata mji wa Nairobi yaweza kulipata soko la kijijini kwake.

Tuutazame basi mji huo wa Nairobi. Reli iliyotoka Mombasa ilipofika hapo mwaka 1899, palikuwa ni mbuga yenye majimaji, mahali Wamasai walipokuwa wakinywesha ng'ombe wao. Wajenzi wa reli wakapiga kambi, na kambi ikawa mji. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilionyesha watu 509,286. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 4,397,073. Maana yake ni kwamba mahali alipokaa mtu mmoja, miaka hamsini baadaye wamekaa zaidi ya wanane. Watu wameongezeka, lakini ardhi haikuongezeka hata shubiri. Katika sehemu ya Mathare peke yake walihesabiwa watu 206,564, nao wamo katika eneo la kilomita 3 tu za mraba.

Mahali kama hapo, jamaa nzima huweza kukaa katika chumba kimoja. Humo ndimo wapikamo, ndimo walalamo, na ndimo mtoto afanyiamo kazi yake ya shule. Mtoto huyo akitaka kukimbia, atakimbia wapi? Atatoka njiani penye motokaa na pikipiki, au atakwenda kando ya mto penye takataka. Mzee akitaka kuota jua, ataketi wapi? Na kijana aliyemaliza kazi yake, asiye na fedha za kununulia kinywaji, aende wapi jioni? Mwenye nyumba yenye bustani analo jibu. Mwenye chumba kimoja hana. Kwa hiyo uwanja wa watu wote si anasa ya matajiri. Ndio ua wa yule asiye na ua.

Tena uwanja hufanya kazi hata wakati ambapo hapana mtu ndani yake. Mvua inyeshapo juu ya mabati na saruji, maji hayana pa kuingilia. Yote hukimbilia mifereji kwa pamoja, na mifereji ikijaa, maji huingia nyumbani mwa watu. Inyeshapo juu ya udongo wenye majani na miti, sehemu kubwa hunywewa na ardhi, na yanayobaki huenda polepole. Watu wa Nairobi waliuonja msiba huo katika masika ya mwaka 2024, mito ilipofurika, na wengi wa Mathare wakapoteza nyumba zao, na wengine wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba bustani peke yake ingaliyazuia mafuriko yale. Lakini kila eka ifunikwayo kwa saruji humwongezea mto mzigo wake. Miti nayo hutia kivuli, hupoza hewa na kuzuia vumbi. Basi mtu akituambia ya kwamba kiwanja kisichojengwa ni ardhi iliyolala tu, tusimkubali.

Walakini ndivyo isemwavyo, na hapo ndipo ilipo hatari. Katika mji, ardhi ni ghali, na uwanja ulio wazi ni kama nyama iliyoanikwa juani: mwewe huizunguka. Nyumba ikibomolewa yaweza kujengwa tena. Lakini uwanja ukishajengwa haurudi. Ni nani atakayevunja jumba la orofa kumi ili watoto wapate kucheza? Kwa hiyo twapenda kuwaonyesha jinsi viwanja vinne vya Nairobi vilivyonusurika, kwa maana kila kimoja kina somo lake.

Cha kwanza ni Bustani ya Jeevanjee, iliyo katikati ya maduka na ofisi. Bwana Alibhai Mulla Jeevanjee alikuwa mfanyabiashara, mzaliwa wa Karachi, aliyepata mali kwa kuwahudumia wajenzi wa reli. Mwaka 1906 aliitengeneza bustani hiyo akawapa watu wa Nairobi. Ukubwa wake ni kama eka 5 tu, lakini mchana hujaa watu: wengine hulala kivulini, wengine husikiliza wahubiri, wengine hubishana habari za siasa. Mwaka 1991 palitokea shauri la kujenga majengo mahali pale. Mjukuu wake, Bibi Zarina Patel, alisimama kuwakumbusha watu kwamba zawadi ile walipewa wote, na hapana mtu mwenye haki ya kuiuza. Watu wakamwunga mkono, na bustani ingalipo. Somo lake ni hili: habari za asili ya uwanja zijulikane na wengi. Asiyejua alichopewa hatajua alichonyang'anywa.

Cha pili ni Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Ina ziwa dogo la kutengenezwa, majani mapana na miti ya kivuli, na kwa miaka mingi watu wa hali ya chini walikwenda hapo Jumapili pamoja na watoto wao. Mwaka 1989 chama kilichokuwa kikitawala kilitaka kujenga humo jumba la orofa 60. Bibi Wangari Maathai, mwanzilishi wa chama cha kupanda miti kiitwacho Green Belt Movement, aliandika barua kwa wakubwa wa serikali na kwa mabalozi. Aliwauliza Waingereza kama wao wangekubali jumba la namna hiyo lijengwe katika Hyde Park ya London. Alitukanwa Bungeni, na chama chake kikaondolewa katika ofisi ya serikali walimokuwa wakifanyia kazi. Hata hivyo hakunyamaza. Wageni waliotazamiwa kutoa fedha wakarudi nyuma, na jumba lile halikujengwa. Miaka 21 baadaye, tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ya Kenya ilitangazwa hapo hapo, mbele ya umati mkubwa wa watu. Laiti jumba lile lingalijengwa, umati ule ungalikusanyika wapi? Somo la pili basi ni kwamba uwanja wahitaji mtu wa kuusemea, naye aseme mapema, kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Cha tatu ni Msitu wa Karura, ulio upande wa kaskazini, wenye zaidi ya hekta 1,000. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu binafsi kwa siri, ili wajenge nyumba. Tarehe 8 Januari 1999 Bibi Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti langoni, wakashambuliwa na watu waliowekwa kulinda, naye akapigwa kichwani hata damu ikamtoka. Habari hiyo ilienea duniani, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo Rais akakataza ugawaji wa ardhi ya umma.

Lakini hadithi ya Karura haikwishia hapo. Msitu ulikuwa umeokolewa, ila watu waliuogopa kwa sababu ya wanyang'anyi, na mahali paogopwapo hapana mwenyewe. Ndipo raia waliokaa karibu walipoungana na idara ya misitu. Wakatia ua wa waya, wakatengeneza njia za miguu na za baiskeli, na vijana wa kijiji jirani wakapewa kazi ya ulinzi. Tangu mwaka 2011 watu wa kila namna huingia humo kutembea, wakilipa ada langoni, nao huenda mpaka kwenye maporomoko ya maji bila hofu. Somo la tatu ni kwamba ua wa waya peke yake hautoshi. Mlinzi mkubwa wa uwanja ni miguu ya watu wautumiao kila siku.

Cha nne kitawagusa zaidi ninyi wanafunzi. Mwezi wa Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirudi shuleni wakakuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta. Tarehe 19 walitoka pamoja na watu wazima, wakausukuma ukuta ule, na polisi wakawarushia moshi wa kutoa machozi. Nchi nzima ikaona aibu. Serikali ikaomba radhi, uwanja ukarudishwa, na ikaagizwa kwamba shule za umma zipewe hati za ardhi zao. Hati! Hapo ndipo penye somo la nne. Uwanja usio na hati ni kama ng'ombe asiye na alama. Akipotea, mwenyewe atawezaje kumdai?

Sasa mtu aweza kuuliza: je, hivyo vyatosha? Havitoshi, na ni haki tuseme kwa nini. Karura ni mkubwa na mzuri, lakini mama wa Dandora mwenye watoto watatu hawezi kulipa nauli ya kwenda na kurudi, tena ada ya langoni. Tangu siku za ukoloni, sehemu za magharibi na kaskazini mwa mji zilipewa nafasi na miti, na sehemu za mashariki zikapewa watu wengi na nafasi ndogo. Kwa hiyo bustani moja kubwa iliyo mbali haiwezi kushika mahali pa viwanja vidogo vilivyo karibu. Vijana wa Dandora walilifahamu jambo hilo. Walianza kusafisha nyua zilizoachwa katikati ya nyumba, ambazo zilikuwa zimejaa takataka. Wakapanda maua na miti, wakatengeneza mahali pa watoto kuchezea. Hawakungoja eka mia. Walianza na ule ua uliokuwa mbele ya milango yao.

Na uwanja mwema wataka nini? Kwanza, uwe karibu, mtoto aweze kufika kwa miguu pasipo kuvuka njia kuu. Pili, uwe na maji ya kunywa na vyoo safi. Pasipo choo, akina mama na wazee hawatakaa hata nusu saa. Tatu, uwe na kivuli na mabao ya kukalia. Nne, watoto wadogo wawe na mahali pao, mbali na wachezao mpira, maana wenye nguvu wasipotengewa nafasi huchukua yote. Tano, uwe na taa jioni na mtu wa kuutunza. Hilo la tano ndilo lisahauliwalo. Ni rahisi kupata fedha za siku ya kufungua bustani, siku ya hotuba na ngoma. Ni vigumu kupata mshahara wa mfagiaji wa mwezi wa saba. Bustani ni kama mtoto: kumzaa si mwisho wa kazi.

Sasa twarudi kwako, mtu wa shamba, tuliyekuomba usikilize. Soko lenu lina maduka mangapi leo, na miaka kumi iliyopita yalikuwa mangapi? Njia ikipitishwa hapo, na umeme ukifika, viwanja vitapimwa na kuuzwa kimoja kimoja. Je, umetengwa uwanja wa wote? Mwembe ule wanaokaa wazee, na kiwanja kile wanachochezea vijana mpira, vimeandikwa katika ramani, au vinakaa kwa mazoea tu? Wenyeji wa Nairobi walipaswa kupigania kwa machozi na damu kile ambacho ninyi mwaweza kukitenga leo kwa mkutano mmoja, kamba ya kupimia na karatasi yenye mihuri. Wahenga walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na ninyi wanafunzi, mwaweza kuanza wiki hii. Mwombeni mwalimu wenu mpime uwanja wa shule kwa hatua, mchore ramani yake, mwonyeshe mipaka na miti yake. Kisha ulizeni kwa adabu: hati ya uwanja huu iko wapi, na ni nani aitunzaye? Kama ipo, mtakuwa mmejifunza hesabu na jiografia. Kama haipo, mtakuwa mmeifanyia shule yenu kazi kubwa kuliko kushinda kombe lolote.